Upepo wa tairi: namba ya gari lako iko mlangoni

"Ngapi, bosi?" Kwenye sheli yoyote ya Dar es Salaam yenye mashine ya upepo, swali ni hilo moja, na majibu hayazidi matatu. Wengi husema "thelathini na tano kote" kwa sababu ndivyo walivyozoea. Wengine humwachia fundi, naye huweka kile anachowekea kila gari. Wapo pia wanaosema "weka thelathini tu, jua kali leo." Jibu hili la tatu linasikika la busara kuliko yote, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote.

Namba sahihi haitokani na jua, wala na uzoefu wa fundi, wala na jinsi tairi linavyoonekana kwa macho. Inatokana na uzito wa gari na jinsi uzito huo ulivyogawanyika mbele na nyuma. Waliounda gari walishaipigia hesabu, wakaiandika kwenye gari lenyewe.

Kibandiko cha mlangoni

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambayo mlango hujifungia. Hapo kuna kibandiko. Magari mengine hukiweka kwenye ukingo wa mlango wenyewe au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, na namba zile zile hurudiwa kwenye kitabu cha gari.

Magari mengi ya hapa mjini yametoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa hiyo kibandiko huwa na maandishi ya Kijapani. Hilo lisikukwamishe, kwa kuwa tarakimu ni hizi hizi tunazotumia sote. Tafuta kwanza saizi ya tairi, kwa mfano 175/65R14 au 185/65R15, kisha uangalie karibu yake namba za tarakimu tatu kama 220 au 230. Hizo ni kilopaskali, zinazofupishwa kPa. Alama 前 ni mbele na 後 ni nyuma. Ukikuta saizi mbili au tatu, ujue modeli hiyo huuzwa na rimu tofauti. Fuata mstari wa saizi iliyofungwa kwenye gari lako leo.

Ili kupata psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, ambayo ndiyo lugha ya mafundi wetu, gawanya kPa kwa 6.9. Kwa hiyo 200 ni psi 29, 210 ni 30 na nusu, 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35 na 250 ni 36. Vibandiko vya zamani huandika 2.2 au 2.3, yaani kilo kwa sentimita ya mraba, na geji (kifaa cha kupimia upepo) nyingine husoma bar. Vipimo hivyo viwili vinakaribiana mno kiasi kwamba kwa kazi ya tairi unaweza kuvichukulia kama kimoja: 2.2 ni psi 31 au 32.

Kama kibandiko hakipo, labda gari lilipigwa rangi upya, mwombe mwenye gari kama lako, la mwaka ule ule na injini ile ile, akufungulie mlango wake. Hiyo ni njia bora kuliko kubahatisha.

Usishangae namba ya mbele ikitofautiana na ya nyuma. Gari dogo lenye injini mbele hubeba uzito mwingi zaidi kwenye matairi ya mbele, hivyo mara nyingi hapo ndipo upepo huzidi kidogo. Kwenye Hiace au pikapu, ambazo mzigo hukaa nyuma, mara nyingi ni kinyume chake, na tofauti inaweza kuwa kubwa. Hapo "thelathini na tano kote" huharibika mara mbili: gari dogo lililoandikiwa 210 nyuma linakuwa limezidishiwa karibu psi 5, na gari la mzigo linabaki na njaa nyuma, pale pale penye kazi.

Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi

Baadhi ya matairi yana maandishi madogo ubavuni: MAX PRESS 44 PSI, au 51 PSI, na kabla yake uzito kwa kilo. Dereva huyasoma akadhani amepata jibu. Hayo ni mpaka wa tairi. Kampuni ya tairi haijui tairi hilo litafungwa kwenye gari la kilo 900 au la kilo 1,500. Inachosema ni kwamba usilijaze kupita hapo likiwa baridi. Ukiweka psi 44 kwenye gari lililoandikiwa 32, gari litarukaruka kwenye kila tuta, tairi litagusa lami kwa sehemu ya katikati tu, breki zitahitaji umbali mrefu zaidi penye maji, na shimo ambalo lingepita salama litakunja rimu au kukata nyuzi za ndani ya ubavu. Ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi, nyuzi hizo zimeshakatika na tairi hilo halitengenezeki.

Lakini maneno "likiwa baridi" yana habari njema ndani yake. Mpaka huo umewekwa huku ikijulikana kwamba tairi likitembea litapata joto na presha itapanda. Kupanda huko kumeshahesabiwa. Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la jua la Dar.

Kwa nini joto si sababu ya kupunguza upepo

Kinachobeba gari ni upepo. Mpira na waya vilivyo ndani ya tairi kazi yake kubwa ni kuufungia upepo huo mahali pake. Chukua gari la kilo 1,100: kila gurudumu lina takriban kilo 275. Psi 33 ni kama kilo 2.3 kwa kila sentimita ya mraba. Ukigawanya, unapata sentimita za mraba 120 hivi za mpira zinazogusa barabara, eneo la kiganja kipana cha mtu mzima. Punguza upepo hadi psi 22, na uzito ule ule utahitaji karibu sentimita za mraba 180. Tairi hulipata eneo hilo la ziada kwa njia moja tu, nayo ni kujibonyeza. Kila linapozunguka, ubavu unakunjwa na kukunjuka, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gurudumu la gari dogo hufanya hivyo zaidi ya mara 14 kila sekunde. Mpira unaokunjwa hivyo hutoa joto.

Kwa hiyo kuna joto la aina mbili. La kwanza hutoka nje, kwenye jua na lami, na hilo huwezi kulizuia. La pili huzalishwa na tairi lenyewe, na hilo hukua kadiri upepo unavyopungua, mzigo unavyozidi na mwendo unavyoongezeka. Anayetoa upepo kwa kuogopa joto la nje anaongeza joto la ndani, ambalo ndilo linaloua tairi. Gundi inayoshika tabaka za mpira na mkanda wa waya huanza kulegea, uso wa tairi unabanduka au ubavu unachanika, na msafiri anasema "tairi limepasuka kwa upepo kuzidi." Mara nyingi upepo ulikuwa umepungua.

Tupige hesabu ya kupanda kwa presha. Tairi limejazwa psi 33 asubuhi, nyuzijoto 25. Limetembea hadi upepo wa ndani ukafika nyuzijoto 55. Geji sasa itasoma karibu 38. Hizo psi 5 ni za kawaida kabisa. Kanuni ya kukadiria ni psi 1 kwa kila nyuzijoto 5 au 6, na kwa tairi linalotembea kupanda kwa psi 4 hadi 6 hakuna ubaya wowote. Dereva akisimama Chalinze, akapima, akaona 38, akatoa upepo hadi 33, tairi hilo likipoa litakuwa na 28 na nusu hivi. Ameendelea na safari akiwa na tairi lenye upungufu wa zaidi ya psi 4, na huenda atarudia kosa hilo hilo kituo kinachofuata.

Kuna mfano unaojulikana duniani. Mwaka 2000 nchini Marekani, Firestone iliyarudisha matairi yake takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Nyuso za matairi zilikuwa zikibanduka gari likiwa kwenye mwendo mkubwa, na gari linabiringika. Sababu zilikuwa zaidi ya moja na kampuni hizo mbili zilibishana hadharani, lakini upepo ulikuwa katikati ya ubishi wenyewe: Ford iliandika psi 26 kwa gari hilo, Firestone ikashauri 30. Sheria iliyopitishwa mwaka huo huo ndiyo iliyoleta taa ya onyo ya upepo kwenye dashibodi, na tangu Septemba 2007 magari yote mapya madogo ya soko la Marekani yanatakiwa kuwa nayo. Japani haikuweka sharti kama hilo, ndiyo maana magari mengi tunayoagiza kutoka huko hayana taa hiyo. Hata yenye nayo yasikupe usingizi: sheria ile inataka taa iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25. Kwa gari la psi 33, inawaka kwenye 25 hivi, yaani baada ya uharibifu kuanza.

Jambo jingine linalowadanganya madereva wa mjini ni foleni. Tairi lenye psi 24 linaweza kwenda Posta na kurudi Mbezi kila siku kwa miezi bila kuonyesha dalili, kwa sababu mwendo ni mdogo na joto linapata muda wa kutoka. Tairi hilo hilo Jumamosi linapakiwa watu watano na mizigo, linashika barabara ya Morogoro saa tano asubuhi kwa kilomita 100 kwa saa. Ubovu uliokuwa umelala wiki nzima unaamka Kibaha au Chalinze. Ukiona mabaki ya mpira kando ya barabara kuu, usiishie kulaumu tairi la bei rahisi.

Wakati wa kupima

Namba ya kibandiko ni ya tairi baridi, na baridi hapa ina maana maalumu: gari limesimama angalau saa tatu, au limetembea pungufu ya kilomita 2 kwa mwendo wa taratibu. Kwa Dar, wakati mzuri ni asubuhi kabla hujatoka na kabla jua halijapiga upande mmoja. Gari lililoegeshwa likiwa limeelekeza ubavu wake juani linaweza kusoma psi 1 hadi 3 zaidi kwenye matairi ya upande huo, na mwenye gari akatoa upepo akidhani anasawazisha.

Ugumu unaojulikana ni kwamba mashine ya upepo iko sheli, na hadi ufike tairi limeshapata joto. Suluhisho ni kuwa na geji yako. Pima nyumbani asubuhi, andika kila tairi limepungukiwa kiasi gani, kisha ukifika sheli ongeza upungufu ule ule juu ya namba utakayoikuta. Tuseme kibandiko kinataka 33 na nyumbani tairi la mbele kushoto limesoma 29: upungufu ni 4. Ukifika sheli linasoma 31 kwa sababu ya joto la njiani. Mwambie fundi aweke 35. Kesho yake asubuhi pima tena. Inapaswa kusoma 33. Kwa njia hii hata geji ya sheli ikiwa imepotoka kidogo haikuharibii hesabu, mradi ipotoke kwa kiasi kile kile kabla na baada ya kujaza.

Geji za sheli hupotoka kweli. Zinaangushwa kwenye zege kutwa nzima, mipira ya midomo yake inachakaa. Geji ya mkononi ya saa au ya kidijitali ikitunzwa ndani ya gari inadumu miaka. Unapopima, ibonyeze wima kwenye valvu hadi mluzi wa upepo ukome. Kama bado unasikia "sss", namba unayoisoma ni ya chini kuliko ukweli. Rudia mara mbili au tatu hadi namba zikubaliane. Kupiga tairi teke hakupimi kitu. Hata macho hayatoshi: tairi la rediali lenye psi 24 na lenye 33 yanafanana karibu kabisa likiwa limesimama.

Tairi zima hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi, kwa sababu upepo hupenya polepole kwenye mpira wenyewe. Ndiyo maana kupima mara moja kwa mwezi ni kiwango cha chini, na kabla ya safari ndefu ni lazima. Tairi linalopoteza psi 3 au zaidi kwa wiki lina tatizo la kutafutwa. Chukua maji ya sabuni nzito, upake mdomo wa valvu, kisha shina la valvu linapoingia kwenye rimu, kisha mzunguko wote wa ukingo wa rimu pande zote mbili, mwisho uso wa tairi. Mapovu yanayokua ndiyo jibu. Mdomo wa valvu ukivuja, mara nyingi ni kiini cha ndani kulegea au kuingia mchanga: kinakazwa au kubadilishwa kwa ufunguo mdogo, kazi ya dakika mbili. Shina likiwa na nyufa ukilikunja kwa kidole, tairi lishushwe na valvu ibadilishwe nzima. Na kwa sababu valvu ni kitu cha bei ndogo sana, ni uzembe kufunga tairi jipya kwenye valvu kuukuu. Uvujaji wa ukingoni hutokana na kutu kwenye rimu za chuma, au rimu ya alumini iliyokunjwa na shimo. Fundi ashushe tairi, asugue kutu hadi chuma kiwe laini, ndipo alirudishe. Usisahau vifuniko vya valvu. Kazi yake ni kuzuia vumbi na maji, na bila hivyo mchanga unafika kwenye kiini.

Nitrojeni, kwa ufupi. Upepo wa kawaida tayari una nitrojeni asilimia 78. Nitrojeni safi ni kavu na huvuja polepole kidogo, lakini hupanda kwa joto kwa kanuni ile ile. Haina madhara, na kuchanganya na upepo wa kawaida hakuna madhara pia. Kasoro yake ni pale mwenye gari anapokaa na tairi lililopungua kwa kusubiri afike dukani kwenye nitrojeni. Likipungua, jaza chochote kilicho karibu.

Kusoma ulaji wa tairi

Tairi linalokula kingo zote mbili huku katikati pakibaki na mifereji limekuwa likitembea na upepo mdogo. Linalokula katikati limezidishiwa. Linalokula upande mmoja tu halihusiani na upepo. Hilo lipeleke kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, au angalia bushi na boljointi, viungo vinavyoshika gurudumu. Upepo pungufu hula pia mafuta: Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria upotevu wa asilimia 0.2 kwa kila psi 1 iliyopungua kwa wastani wa matairi yote manne. Ni kidogo, lakini kwa gari linalotembea kila siku na psi 7 pungufu ni karibu asilimia moja na nusu ya kila unachojaza, mwaka mzima.

Kwenye mvua za masika hesabu inabadilika kuwa ya uhai. Tairi hupanda juu ya maji na kuacha kugusa lami kwa mwendo unaotegemea presha yake. Kanuni iliyotokana na utafiti wa NASA wa matairi ya ndege inakadiria mwendo huo, na ukiitumia kwa psi 32 unapata kilomita 94 kwa saa. Kwa psi 24 inashuka hadi 82 hivi. Kwa gari dogo zichukue kama makadirio, na tairi kipara hupanda juu ya maji mapema zaidi ya hapo. Hivyo penye maji yaliyosimama psi 8 pungufu zinakupunguzia zaidi ya kilomita 10 kwa saa za usalama, na dereva hana namna ya kulijua hilo hadi usukani uwe mwepesi ghafla mikononi mwake.

Mzigo, na safari ya mikoani

Magari ya Ulaya mara nyingi huwa na safu mbili kwenye kibandiko: moja ya watu wachache, nyingine ya gari lililojaa, na namba ya nyuma inaweza kupanda kwa psi 5 au zaidi. Kama gari lako lina safu hizo, zifuate. Magari ya Japani mengi yana safu moja tu. Kwa hayo, gari likijaa watu na mizigo, ongeza kPa 20, yaani psi 3, kwenye matairi ya nyuma, na ukirudi mjini mtupu rudisha namba ya kawaida. Hata kwa matumizi ya kila siku, kukaa kati ya namba ya kibandiko na psi 3 juu yake ni salama kuliko kukaa psi 1 chini yake. Ukikosea, kosea kwa juu kidogo.

Nyongeza ya upepo haimpi mtu ruhusa ya kupakia kupita uwezo. Angalia namba iliyo mwisho wa saizi ya tairi: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 88 ni 560, 91 ni 615. Noah yenye watu wanane ikiongezwa magunia ya mchele nyuma inaweza kufikia mpaka huo, na hakuna psi itakayoisaidia.

Wanaokwenda nyanda za juu huuliza kama wabadilishe upepo wakifika. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ya nje ni nyepesi, hivyo geji husoma karibu psi 2.7 zaidi kwa tairi lile lile. Lakini asubuhi ya Mbeya ni baridi. Ikiwa ni nyuzijoto 16 chini ya Dar, presha inashuka kwa psi 2.5. Vinakaribia kufutana. Jaza vizuri Dar, nenda, rudi, bila kugusa kitu isipokuwa kama tairi limevuja.

Ukibadilisha rimu au aina ya tairi

Hapa kibandiko hakitoshi peke yake, na ndipo tunapoona makosa mengi kwenye magari yaliyopendezeshwa. Ukifunga saizi ile ile ya kiwandani lakini tairi lenye alama XL, ambalo limeimarishwa kubeba zaidi, baki na namba ya kibandiko. Kwa mfano 195/65R15 ya kawaida ina namba ya uzito 91 na ya XL ina 95. Kwa presha ile ile zinabeba karibu sawa, na uwezo wa ziada wa XL unapatikana ukiongeza upepo tu.

Shida inakuja ukihamia rimu kubwa na tairi la ubavu mfupi. Tuseme umetoka 195/65R15 91 ukaenda 215/45R17. Ya kawaida ni 87, kilo 545, pungufu ya ya mwanzo, hiyo usiifunge. Ya XL ni 91, namba ile ile, na muuzaji atakuambia "zinalingana." Hazilingani kwenye psi ile ile. Tairi la kawaida hufikia uwezo wake kwenye kPa 250, la XL kwenye kPa 290. Kubeba kile ambacho la zamani lilibeba kwa kPa 230, la XL linahitaji takriban 267, yaani psi 39. Mwenye gari akiendelea kuweka 33 kwa sababu ndivyo mlango unavyosema, anatembea na upungufu wa psi 5 au 6 bila kujua, kwenye tairi ambalo ubavu wake ni mfupi kiasi kwamba hautaonyesha dalili.

Mchanga nao una sheria yake. Gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, linalokwama kwenye mchanga laini wa ufukweni Kigamboni husaidiwa kwa kushusha upepo hadi psi 18 au 20, ili tairi lilale na kuongeza eneo la kugusa. Nenda polepole, usikate kona kali, maana ukingo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu. Kabla ya kurudi kwenye lami jaza tena, hata kama nyumbani ni karibu. Beba kompresa ndogo ya umeme wa gari, usitegemee kufika sheli.

Tairi la spea

Magari mengi ya Japani yana spea nyembamba chini ya sakafu ya buti, iliyoandikwa saizi inayoanza na herufi T, kama T125/70D15. Hiyo inataka kPa 420, yaani psi 60, na imeandikwa hivyo ubavuni mwake. Fundi asiyeijua huweka 35, na wengi hawaigusi tangu gari lishuke bandarini. Siku ya pancha unakuta imelala. Itoe mara moja kila miezi mitatu uipime. Kama spea yako ni tairi la kawaida la saizi kamili, lijaze namba ya juu zaidi iliyo kwenye kibandiko na uongeze psi 2 au 3, kwa kuwa ni rahisi kupunguza njiani kuliko kutafuta pampu. Ile nyembamba ukiifunga usizidishe kilomita 80 kwa saa, na usiendelee nayo kupita fundi wa kwanza wa pancha utakayemkuta.